Mkono Unaogeuza Karatasi

Chumba cha uani,
Nyuma ya karakana ya vioo.
Jumapili, 8 Desemba.

Mpendwa Shangazi yangu,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya pili, hii ni ya mkwe wako, ambaye muda huu yuko uani anaanua nguo. Kila akinyanyua mikono kuifikia kamba, mimi husahau neno nililotaka kuandika. Kwa hiyo ukikuta sentensi imeishia njiani, ujue kamba ya nguo ndiyo yenye makosa.

Habari za tangu siku zile? Mguu unaendeleaje? Uliniambia kwenye simu kwamba sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, nami nikafurahi, ingawa nakujua, Shangazi. Wewe unaweza kusema umepona ili tu watu waache kukukataza kazi. Kikohozi cha mzee wako kimepungua? Binamu Mrefu bado anagonga kichwa kwenye mlango wa jikoni? Naomba barua hii iwakute wote wazima, na ikiwezekana iwakute mezani.

Sisi huku wazima kabisa. Mimi nimezidi uzima: nimenenepa, suruali ya harusi imekataa kufunga kifungo, na pale karakana wananiita Bwana Harusi mpaka leo, ingawa ndoa imeshaingia mwezi wa tatu.

Utashangaa kuuona mwandiko wangu huu wa kuku, maana mkwe wako ni karani wa kompyuta na angeweza kukuchapia barua iliyonyooka kama uzi. Alijitolea. Nikakataa. Nilimwambia barua ya Shangazi huandikwa kwa mkono, lakini sababu ya kweli ni kwamba barua yangu ni ndefu, ina mbele na nyuma, na karatasi yenye mbele na nyuma haitoki ofisini kwake bila kupita mikononi mwa mwanamume mmoja anayeitwa Geuza. Huyo ndiye habari yangu yote. Ila ngoja kwanza nikusifie mke wangu, maana mguu ulikuzuia kuja harusini na haki yako hujaipata.

Shangazi, nimeoa! Asubuhi nikifungua macho nikamwona pale, hutaka kumwuliza kama hakukosea nyumba. Akikoroga chai huimba, na wimbo wenyewe haujui hata mstari mmoja, anatunga tu, na mimi nauona mtamu kuliko za redioni. Anapenda ukoko. Mimi niliyekuwa nagombana na Binamu Mrefu kwa ajili ya ukoko wa sufuria yako, sasa namwachia wote na ninakaa namtazama akiutafuna. Kama ulitaka ushahidi wa mapenzi, huo hapo. Akicheka hufunika pua badala ya mdomo. Sijui alijifunza kwa nani, na huyo mtu nisingependa kukutana naye.

Tulivyojuana unajua nusu tu. Alikuja karakana na cheti chake cha kozi ya kompyuta, akitaka kitiwe fremu na kioo. Nikapima, nikakata, kioo kikatoka sawasawa. Nikamwambia kimepungua, arudi kesho. Kesho yake nikamwambia kimezidi. Bosi wangu tunamwita Mzee Milimita kwa kuwa hata mkate huukata kwa rula. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Kijana, cheti cha watu utakipima mpaka kiote ndevu?" Basi hakikuota ndevu, Shangazi. Kilinipatia mke.

Na cheti hichohicho kimempatia kazi. Ni karani wa ofisi kwenye shule ya sekondari iliyo mtaa wa pili, kazi ya majaribio kwa muhula mmoja. Mwalimu Mkuu alimwambia waziwazi tangu mwanzo, "Ripoti za wanafunzi zikitoka zimenyooka siku ya kufunga shule, kazi ni yako. Zikivurugika, namrudisha karani wetu mstaafu." Mke wangu anaitaka kazi hii jinsi mtu anavyotaka maji. Kwao yeye ndiye wa kwanza kukalia kiti cha ofisi. Baba mkwe hupita mbele ya geti la shule bila shughuli yoyote, ili tu mlinzi amwulize anamtafuta nani naye apate kujibu.

Nikueleze kazi yenyewe, maana bila hivyo hutakiona kidonda changu kilipo. Ofisini mna kompyuta ya mezani, na ndani yake mna programu ya shule. Mke wangu huingiza alama za kila mwanafunzi, somo kwa somo. Programu hujumlisha yenyewe, hupanga nani wa kwanza na nani wa mkia, na akibofya mahali fulani humwaga jedwali la darasa zima, safu na mistari, utadhani mtu amesuka mkeka. Walimu hulipokea jedwali lile kwa mikono miwili. Akibofya pengine, ndipo zinapochapwa ripoti, karatasi moja kwa kila mwanafunzi. Mbele ni alama. Nyuma ni maneno ya mwalimu wa darasa, yale ya "ana bidii" na "aache kusinzia".

Hapo ndipo penye balaa. Printa yao huchapa upande mmoja tu. Ikishamaliza mbele za darasa zima, lazima mtu azitoe karatasi, azipepee zisigandane, azigeuze, azirudishe kwenye trei, ndipo zichapwe nyuma. Mke wangu hawezi kuiacha skrini kila mara akakimbilia printa, kwa hiyo shule imempa msaidizi, naye ni mtunza stoo. Jina la Geuza walimu wamempa kwa sababu ndilo neno pekee mke wangu analomwambia kutwa nzima. "Geuza." Basi, hakuna jingine.

Mtu mwenye akili angeshukuru kwamba mkewe na mwanamume mwingine wana neno moja tu kati yao. Mimi neno hilo moja ndilo lililonimaliza.

Nilimpelekea chakula cha mchana siku moja nikasimama dirishani, kabla hawajaniona. Mke wangu alikuwa anabofya, macho kwenye skrini. Karatasi ya mwisho inadondoka, na mkono wa Geuza umeshafika. Anazipepea kwa kidole gumba, prrr, kama mcheza karata. Anageuza. Mke wangu anasogeza kiti nyuma kidogo, hajaambiwa na mtu, Geuza anapita, kiti kinarudi. Hakuna aliyesema samahani. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Mimi na mke wangu, Shangazi, tuna chumba kimoja na mlango mmoja, na kila siku tunagongana pale mlangoni. Akienda huku ili anipishe, nami naenda hukohuko. Chai tuliyokwisha kuimwaga ingetosha msiba. Na hawa wawili wanakwenda kama saa na mshale wake!

Angalau angekuwa babu wa kutetemeka, ningepumua. Ni kijana, mabega kama kabati, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na manukato yake huingia chumbani kabla yake. Nauliza tu: mtu anayetunza chaki na mafagio, anamnukia nani?

Kuanzia siku hiyo nikawa sina raha. Nilikionea wivu hata kile kipanya cha kompyuta, kwa jinsi kinavyoshikwa kutwa. Jioni moja nilikuwa nakaanga viazi, mke wangu yuko mezani anapitia alama za kidato cha nne. Bila kunyanyua macho akasema, "Geuza."

Nikageuza viazi. Kisha nikauweka mwiko chini. "Umemwambia nani?"

"Si vinaungua?"

"Nimeuliza umemwambia nani."

Akafunika pua, akacheka mpaka akateleza kwenye kiti. Mimi sikucheka. Viazi viliungua.

Najua unavyonisema huko uliko. Uliwahi kuniambia kwamba mwenye wivu hulinda mlango huku ukuta umeshabomoka. Neno lako nililikumbuka, Shangazi, nikaliweka mfukoni, nikaendelea na mpango wangu.

Mpango ulikuwa huu. Bweni la wavulana limevunjika madirisha, na kazi ya kuweka vioo vipya ilikuja kwetu. Vioo vya kazi kubwa huchukuliwa kwenye ghala lililo upande wa pili wa mji, na kwa shule lazima mtunza stoo mwenyewe aende akavipokee na kutia sahihi. Vioo vilikuwa tayari tangu Jumatatu. Mimi nikapiga simu ghalani, nikawaambia wavitoe Alhamisi tu. Alhamisi ndiyo siku ya kuchapa ripoti, na Ijumaa ndiyo siku ya kufunga shule. Kisha nikaenda kwa Mwalimu Mkuu kwa adabu zote, nikasema mtunza stoo atakuwa ghalani, lakini asiwe na wasiwasi, mimi nitamsaidia mke wangu siku hiyo.

Mke wangu aliposikia kwamba nitakaa naye ofisini kutwa nzima alinirukia shingoni. Nilijiona jogoo. Alhamisi nikaoga mara mbili, nikavaa shati la harusi, na manukato nilijipaka, usiniulize nilinunua ya aina gani.

Asubuhi ilikuwa tamu, sitakuficha. Tumekaa wawili, printa inaunguruma, mke wangu anabofya. Mbele za kidato cha kwanza zikatoka zote. Akasema, "Geuza," kisha akageuka akanitazama akatabasamu, kwa sababu safari hii alikuwa ananiambia mimi. Shangazi, nilizichukua zile karatasi kana kwamba ni mtoto mchanga.

Sasa, kwetu karakana kioo hakitikiswi. Kioo kinachotikisika ni kioo kinachovunjika. Unavipanga, unavisawazisha kingo, unavibana vikae kama kitu kimoja. Ndivyo mikono yangu inavyojua. Basi nikazisawazisha karatasi, nikazigonga mezani pande zote nne, nikazibana kwa viganja mpaka zikawa kama tofali. Nikageuza, nikaweka kwenye trei. Nilijisifu kimoyomoyo kwamba Geuza na kupepeapepea kwake alikuwa anacheza tu. Mwishoni printa ikawaka taa ikidai karatasi zaidi. Nikaipa nyeupe, ikanyamaza. Nikajiona mtaalamu. Kidato cha pili vilevile, cha tatu vilevile, na mke wangu hakuwa na haja ya kunyanyua macho, aliniamini.

Mchana akaingia mwalimu wa darasa wa kidato cha pili, mwenye sauti kama ngoma, ameshika ripoti mbili.

"Karani, naomba unisaidie. Huyu binti wangu hafungui mdomo hata akiitwa jina. Leo ameandikiwa 'apunguze kelele darasani'. Na huyu jambazi, huyuhuyu aliyevunja madirisha ya bweni, ameandikiwa 'mpole, mfano wa kuigwa na wenzake'. Huu ni muujiza au ni printa?"

Mke wangu akazichukua, akatazama mbele, akatazama nyuma. Akavuta rundo zima. Nikaona rangi inamtoka usoni. Karatasi zilikuwa zimegandana, Shangazi. Kila mahali zilipogandana zilipita mbili kwa pamoja, ya chini ikabaki mgongo mtupu, na kuanzia hapo kila mwanafunzi akabeba maneno ya mwenzake aliyemtangulia. Vidato vitatu vizima, mtulivu kavishwa utundu na mvivu kavishwa bidii.

"Ulizipepea?" aliniuliza polepole.

"Nilizibana," nikasema.

Akafungua kabati kuchukua karatasi za kuanzia upya, akakuta zimebaki chache zisizotosha hata darasa moja. Nyingine zote ziko stoo. Ufunguo wa stoo uko mfukoni mwa Geuza. Na Geuza yuko upande wa pili wa mji, kwa amri yangu.

Ndipo mlango ukafunguka akaingia Mwalimu Mkuu. "Ripoti zimefika wapi?"

"Kesho asubuhi zitakuwa tayari, Mwalimu," mke wangu akajibu kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake, na nisingependa kuisikia tena.

Mwalimu Mkuu akanitazama mimi na manukato yangu. "Na huyu?"

"Ni mume wangu."

"Aa," akasema. "Nilidhani leo Geuza amependeza."

Nilitoka mbio. Nilikodi pikipiki mpaka ghalani, na njia nzima nilikuwa naiona ile kazi ikimponyoka mke wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Geuza nilimkuta amekaa juu ya kreti, mguu juu ya mguu, anakunywa soda. Vioo vimefungwa tayari pembeni yake, lakini gari la kuvibeba halijafika. Aliponiona hakushangaa hata kidogo.

"Karibu, shemeji," akasema. "Karani wa huku kaniambia vioo hivi viko tayari tangu Jumatatu. Eti fundi wetu mwenyewe ndiye aliyetaka vitoke leo tu. Nikasema, fundi gani huyo mwenye mapenzi na Alhamisi?"

Hilo neno shemeji lilinichoma, lakini saa hiyo angeniita hata mbuzi ningeitika. Nikamwambia ripoti zimeharibika.

"Ulizipepea?"

"Nilizibana."

Akaweka chupa chini, akacheka hadi karani wa ghala akachungulia. "Basi umezifungisha ndoa, mbili mbili! Bwana Harusi, wewe kila unachogusa unataka kiwe na mwenzake?"

"Twende, ndugu yangu. Mke wangu atafukuzwa."

Hapo aliacha kucheka. Akasimama, akamwachia karani maagizo ya gari, akapanda pikipiki nyuma ya dereva, nami nikapanda nyuma yake. Na kwa kuwa dereva yule alikuwa anakata kona kama anafukuzwa, ilinibidi nimshike Geuza kiuno. Shangazi, nimevuka mji mzima nimemkumbatia mwanamume yule, pua yangu kwenye kola yake, nanusa manukato yaleyale niliyokuwa nayachukia. Ni mazuri, nakiri. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi cha kwangu kilikuwa kinanukia.

Tulipofika Geuza hakupoteza muda. Akafungua stoo, akaleta karatasi, akakunja mikono ya shati. Mke wangu akamwuliza, "Na vioo viko wapi?" Geuza akanitupia jicho, akasema, "Vinakuja na gari. Siku yake alinipangia fundi, mimi nilitumwa tu." Mke wangu akanitazama. Akaelewa yote, Shangazi, nilimwona akielewa, kama mtu anayesoma jedwali mpaka mstari wa chini. Kisha akageukia skrini.

"Geuza," akasema. Na hakuwa ananiambia mimi.

Nilisimama mlangoni jioni ile yote nikiwatazama. Prrr, geuza, kiti nyuma, kiti mbele. Kidato kwa kidato. Nilikuwa naomba Mungu wasikosee, na papo hapo kila walivyokwenda vizuri moyo ulizidi kuniwaka. Sijui kama umewahi kumwombea heri mtu unayetaka aondoke. Ni kazi ngumu kuliko kubeba vioo. Jua likiwa linazama walimaliza, na ripoti zote zikawa na migongo yake halali.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipokaribia mlango wetu ndipo aliposema.

"Wewe ukiwa unakata kioo, nije nikusukume kiwiko kwa sababu nakionea wivu hicho kikata kioo chako, utanifurahia?"

"Hapana."

"Yule mtu sijui hata anakaa wapi. Sijui ana mke au hana. Najua tu mkono wake utafika saa ngapi."

"Hilo ndilo linaloniuma," nikamwambia. Ilinitoka tu. "Wangu hujui utafika saa ngapi."

Akasimama. Nilidhani atanijibu kwa ukali, na nilistahili. Badala yake akasema, "Wako huwa tayari umefika," akaingia ndani, akafunga mlango. Aliufungua baadaye kidogo, usiwe na hofu. Lakini aliniacha nje kiasi cha kutosha kulitafuna neno hilo, na majirani walinisalimia wote.

Sasa nikupeleke Ijumaa, maana najua unataka kujua kazi iliishia wapi. Ripoti ziligawiwa asubuhi na hakuna mzazi aliyelalamika, isipokuwa yule wa mvunja madirisha, ambaye alilalamika kuhusu mwanawe. Mimi nilikuwa nje bwenini, nimepanda ngazi napachika vioo, na kutoka pale juu nauona mlango wa ofisi ya Mwalimu Mkuu. Mke wangu aliitwa ndani. Alikaa sana. Kioo kimoja nilikipaka puti, ule udongo wa kubania kioo, pande zote mbili bila kujua nafanya nini.

Alipewa kazi, Shangazi! Si ya majaribio tena. Mkwe wako ni karani kamili wa shule, na jedwali lake la kidato cha nne Mwalimu Mkuu amelibandika ukutani kwake.

Ila sikiliza na lile jingine. Mwalimu Mkuu amesema kwamba yaliyotokea Alhamisi yamemfundisha kuwa kugeuza karatasi si kazi ya kila mpita njia. Kwa hiyo kuanzia muhula ujao Geuza anahamishwa kutoka stoo na kuwekwa ofisini moja kwa moja. Amepewa meza. Meza hiyo imegusana na ya mke wangu. Mimi ndiye niliyemhamisha, kwa akili zangu timamu, kwa simu moja ya kwenda ghalani. Mzee Milimita nilipomweleza aliweka rula chini, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akacheka mpaka miwani ikaanguka.

Nimalizie kwa kile nilichokiona kutoka juu ya ngazi, halafu unijibu ukweli wako. Mke wangu alitoka kwa Mwalimu Mkuu akiwa ameshika bahasha. Kwenye varanda alikuwapo Geuza, amebeba maboksi ya chaki. Alimwambia yeye kwanza. Walikuwa mbali, sikusikia, lakini niliona anacheka, niliona wanagonganisha viganja, na vilikutana katikati bila kukosea, kama unavyowajua. Kisha akatazama huku na huku, akaniona juu, akaja mbio uwanja mzima. Nikashuka. Nilidhani atafika akicheka vilevile. Alifika, akaweka uso kwenye shati langu lenye puti, akalia. Alilia kama mtu aliyebeba ndoo toka mbali na sasa ameitua. Nilimshika tu mpaka alipomaliza, na wavulana wa bweni wakitupigia miluzi madirishani.

Geuza alipewa kicheko, mimi nikapewa machozi. Mke wangu anasema kicheko humpa yeyote, machozi ana mtu mmoja tu wa kumpelekea. Nimemwelewa, na nimekunja maneno hayo nikayahifadhi. Lakini nakwambia wewe peke yako, Shangazi, kwa mkono wangu na bila kuchapwa na mtu: nilikuwa nakitaka na kile kicheko.

Nisalimie mzee wako na umwambie anywe dawa hata ikiwa chungu. Msalimie Binamu Mrefu, mwambie ukoko sasa una mwenyewe. Wasalimie Mama Pacha na pacha wake wote wawili, na mkono wa Bibi unibusie. Mkwe wako ameingia sasa hivi na kapu la nguo, anauliza nimeandika nini kirefu hivi. Nimemwambia namsifia, na sikusema uongo.

Mungu akupe mguu mwepesi na usingizi mzito, na siku ukija akujalie utukute tumejifunza kupishana mlangoni.

Ni mimi mwanao, nikupendaye bila kupungua hata milimita,
Bwana Harusi.